Shahada ya Uzamili ya Utetezi wa Afya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hunijia kila msimu wa maombi ya vyuo, mengi kutoka kwa wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na watu waliouguza ndugu zao kwa muda mrefu. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue ninakotokea: shahada hii ina thamani pale inapokufundisha kutoka kwenye shida ya mgonjwa mmoja hadi kwenye kanuni iliyoizaa shida hiyo, kisha kumrudia mgonjwa yule yule ukiwa na jibu. Programu isiyokupitisha kwenye njia hiyo itakupa cheti, lakini kazini utababaika.

Mtetezi wa afya hufanya kazi gani hasa?

Chukua mgonjwa wa saratani ambaye bima imekataa kulipia kipimo. Daktari ameshaandika, tarehe imeshapangwa, na dirishani anaambiwa hakuna idhini. Mtetezi anaisoma barua ya kukataliwa, anakitafuta kifungu cha mkataba kilichotajwa, anamwomba daktari aandike sababu za kitabibu zinazokijibu kifungu hicho moja kwa moja, na anahesabu siku zilizobaki za kukata rufaa. Muda wote huo anahakikisha mgonjwa anaelewa kinachoendelea na kwamba uamuzi unabaki mikononi mwake.

Hiyo ni kazi ya mtu mmoja mmoja. Barua za namna hiyo zikianza kurundikana, swali linabadilika: kifungu hiki kilipitishwa na nani, kwa hoja gani, na kinaweza kurekebishwa kupitia mlango upi? Hapo umeingia kwenye kazi ya mfumo. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, uliotokana na mkutano wa kwanza wa kimataifa wa uendelezaji wa afya, uliutaja utetezi pamoja na kuwawezesha watu na kupatanisha pande zenye maslahi tofauti. Mambo hayo matatu bado ndiyo kazi yenyewe. Kwa jinsi ninavyoona, la tatu ndilo linalosahaulika zaidi.

Fani hii imetoka wapi?

Kazi ilitangulia, shahada ikafuata. Mwaka 1973 Chama cha Hospitali cha Marekani kilitoa tamko la haki za mgonjwa. Mwaka 1978 Azimio la Alma-Ata, la kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, lilitangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Mwaka huo huo sheria ya Marekani iliweka mpango wa wasimamizi wa malalamiko ya wazee wanaoishi katika makao ya kulelewa.

Mwaka 1980 chuo cha Sarah Lawrence, katika jimbo la New York, kilianzisha programu ya kwanza ya uzamili ya utetezi wa afya nchini humo. Chuo hicho hicho kilikuwa kimeanzisha mafunzo ya ushauri wa jenetiki mwaka 1969, kwa hiyo si mara ya kwanza kwao kuichukua kazi iliyokuwa ikifanywa bila jina na kuijengea mtaala.

Kuna tukio moja ninalopenda wanafunzi walijue mapema. Mwaka 1983, katika mkutano uliofanyika Denver, Marekani, watu waliokuwa wakiishi na UKIMWI walipanda jukwaani wakasoma misingi yao wenyewe. Walikataa kuitwa waathirika, na wakadai nafasi katika bodi za mashirika yaliyokuwa yakizungumza kwa niaba yao. Vyama vingi vya wagonjwa vilivyofuata vilichota hapo.

Ina tofauti gani na afya ya umma, ustawi wa jamii au sheria?

Afya ya umma huanza na idadi ya watu: ugonjwa unaeneaje, nani yuko hatarini, hatua ipi inazuia. Ustawi wa jamii humwangalia mtu na familia yake, na katika nchi nyingi ni taaluma yenye usajili na mipaka yake ya kisheria. Mwanasheria hushika haki inayoweza kudaiwa mbele ya chombo chenye mamlaka. Utetezi wa afya unagusa kote huko, na ndiyo sababu watu huudhani kuwa kidogo cha kila kitu.

Ushauri wangu ni huu. Ukiona moyo wako uko kwenye takwimu na magonjwa ya mlipuko, kasome afya ya umma. Shahada hiyo inatambulika na waajiri wengi zaidi. Ukitaka kutoa ushauri nasaha kwa leseni, kasome ustawi wa jamii. Utetezi wa afya unamfaa mtu ambaye tayari amesimama kati ya mgonjwa na taasisi, akaona kwamba huruma aliyonayo haitoshi kuisogeza taasisi hiyo.

Masomo yenyewe ni yapi?

Mitaala inatofautiana, lakini mara nyingi utakutana na sheria na haki za wagonjwa, sera na bajeti ya afya, uchumi wa afya, maadili, mbinu za utafiti, historia, na mawasiliano. Baadhi ya vyuo huongeza somo la masimulizi ya ugonjwa, yaani namna ya kusikiliza na kuandika maelezo ya mgonjwa bila kuyapindisha.

Historia ndiyo inayodharauliwa na waombaji, nami nitaitetea. Kati ya mwaka 1932 na 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, pamoja na wengine 201 wasio na ugonjwa huo, huko Tuskegee, Alabama. Hawakuambiwa ukweli kuhusu hali zao. Penisilini ilipokuwa tiba inayokubalika, hawakupewa. Mtumishi wa idara hiyo hiyo, Peter Buxtun, aliwasilisha malalamiko ndani ya taasisi mwaka 1966. Yalisikilizwa, yakajadiliwa, na utafiti ukaendelea. Ulisimama mwaka 1972 tu, baada ya mwandishi Jean Heller wa shirika la habari la Associated Press kuutangaza. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya utafiti unaohusisha binadamu, na mwaka 1979 ikatoka ripoti ya Belmont kuhusu maadili ya utafiti huo, ambayo kamati za maadili huirejelea hadi leo.

Darasani hatuishii kwenye ghadhabu. Tunauliza: mwaka 1966 malalamiko yalipita mlango gani? Nani alikuwa na uwezo wa kusimamisha utafiti, na alikuwa akiwajibika kwa nani? Je, palikuwa na chombo chochote nje ya idara ambacho Buxtun angeweza kukiendea? Mwanafunzi anayejifunza kuuliza hivyo atakuja kuifungua tovuti ya taasisi yoyote na kutafuta kwanza mahali malalamiko yanapopokelewa, na mahali yanapofia.

Somo lingine la kukaa nalo ni kusoma nyaraka. Zoezi ninalolipenda ni hili: kila mwanafunzi anapewa barua ya bima ya kukataa malipo, majina yakiwa yameondolewa, na anaisoma sentensi kwa sentensi. "Huduma hii haionekani kuwa ya lazima kitabibu." Nani ameamua? Kwa vigezo vipi? Je, barua inasema vigezo hivyo vinapatikana wapi? Tarehe ya barua ni ipi, na siku zinahesabiwa kuanzia lini? Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010, kwa mfano, mwenye bima aliyekataliwa ana siku 180 za kukata rufaa ya ndani, na akishindwa anaweza kuomba mapitio ya nje yanayofanywa na chombo kisicho cha bima. Nchi nyingine zina utaratibu mwingine. Kinachobaki vilevile ni tabia ya kutoiachia barua ikushinde kabla hujaimaliza.

Mafunzo kwa vitendo yana uzito gani?

Uzito mkubwa kuliko darasa, na hapa ndipo kazi yako ya baadaye inapoanza kuchongwa. Kwa kawaida utapangiwa hospitali, chama cha wagonjwa, ofisi ya sera au shirika la huduma za jamii, ukiwa chini ya msimamizi.

Nieleze jinsi siku nzuri ya mafunzo inavyokuwa. Mgonjwa mzee anaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi ameshamweleza dawa zake, mzee ameitikia kila kitu kwa kutikisa kichwa, na binti yake ameshashika mfuko. Mwanafunzi anavuta kiti na kusema, "Samahani baba, hebu nielezee kwa maneno yako utakavyozinywa dawa hizi ukifika nyumbani." Mzee anatoa vidonge alivyokuja navyo, anaviweka kando ya vile alivyopewa wodini, na kuanza kueleza. Hapo inaonekana kwamba angekunywa dawa ile ile mara mbili, moja kwa jina la kiwandani na nyingine kwa jina la kitaalamu. Mwanafunzi hana mamlaka ya kubadilisha dawa. Anamwita muuguzi, muuguzi anampigia mfamasia, na kidonge kimoja kinaondolewa kwenye orodha.

Wengi wangeishia hapo, na mgonjwa angekuwa amesaidiwa kweli. Lakini msimamizi mzuri humwuliza mwanafunzi jioni: fomu ya kumruhusu mgonjwa ina sehemu ya kuandika dawa alizokuja nazo kutoka nyumbani? Kama haina, anayeibadilisha fomu ni nani, na anakutana lini? Wiki zinazofuata mwanafunzi anakusanya mifano, anaandika waraka wa ukurasa mmoja, na kuupeleka kwenye kamati husika. Huo waraka ndio utakaouonyesha kwenye usaili wa kazi.

Sikusoma udaktari wala uuguzi. Nitakubaliwa?

Mara nyingi ndiyo. Programu nyingi hupokea watu wa sosholojia, sheria, elimu, uandishi wa habari na hata biashara. Wanaotoka nje ya tiba hupata shida mwanzoni na istilahi za kitabibu, na wanaotoka ndani ya tiba hupata shida kubwa zaidi: wamezoea kuwa upande wa taasisi. Muuguzi mzoefu anapomsikia mgonjwa akilalamika, jambo la kwanza linalomjia ni maelezo ya kwa nini mambo yako hivyo. Maelezo hayo huwa ya kweli. Bado anapaswa kuyaweka pembeni hadi mgonjwa amalize.

Nimemuuguza mama yangu kwa miaka. Je, uzoefu huo unatosha kuingia?

Ni mtaji mkubwa, na kamati za udahili huuthamini. Lakini katika maelezo yako binafsi, usiishie kusimulia uliyoyapitia. Andika pia ulichojifunza kuhusu mfumo: nani alikusikiliza, kwa utaratibu gani, nini kilikwama, na ungependa kujua nini ambacho wakati ule hukuwa nacho.

Kuna tahadhari moja ambayo naitoa kwa heshima, kwa sababu huwa inagusa kidonda. Mgonjwa utakayemhudumia si mama yako. Anaweza kukataa tiba ambayo wewe uliipigania kwa nguvu zote. Anaweza kumwamini daktari ambaye wewe humwamini. Kozi nzuri itakupa nafasi ya kulizungumza hili wazi, chini ya usimamizi, kabla hujakaa na mgonjwa wa kwanza.

Nikihitimu nitafanya kazi wapi?

Mahali panapofahamika zaidi ni hospitalini, katika ofisi za mahusiano na wagonjwa, usalama wa wagonjwa au uboreshaji wa huduma. Huko England, huduma za umma za afya zina ofisi za ushauri na uhusiano kwa wagonjwa, na Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 iliunda nafasi ya mtetezi huru kwa mtu asiyeweza kuamua mwenyewe na asiye na ndugu wala rafiki wa kuulizwa, pale panapohusika tiba nzito au kuhamishiwa makao ya muda mrefu. Natamani sheria za namna hiyo zingekuwa nyingi, kwa sababu zinakifanya cheo cha mtetezi kiwe cha lazima badala ya kutegemea hisani ya taasisi.

Kundi la pili ni waongoza wagonjwa. Wazo hili lilipata umbo mwaka 1990 katika Hospitali ya Harlem, New York, kwa daktari bingwa wa upasuaji Harold Freeman. Wanawake wengi walikuwa wakifika na saratani ya matiti ikiwa imeshakomaa, na walioishi miaka mitano baada ya kugunduliwa walikuwa asilimia 39. Freeman aliunganisha uchunguzi wa bure au wa gharama nafuu na watu wa kumshika mgonjwa mkono tangu dalili ya kwanza hadi matibabu: kutafuta miadi, kupunguza vikwazo vya malipo, kufuatilia majibu yaliyopotea. Katika kundi la wagonjwa lililofuatiliwa baadaye, asilimia hiyo ilifika 70. Dawa haikuwa mpya. Watu walifika mapema na hawakuachwa njiani. Nikiulizwa na mwajiri kama utetezi unaokoa maisha, huanzia hapo.

Kundi la tatu liko katika vyama vya wagonjwa, mashirika yasiyo ya kiserikali, wizara, kamati za bunge na mashirika ya kimataifa. Huko kazi ni kuandika mapendekezo ya sera, kusoma bajeti, kuandaa ushahidi wa mdomo na wa maandishi, na kuwaandaa wagonjwa wenyewe waingie kwenye vikao hivyo na kusema. Wahitimu wengine huingia katika bodi za jamii zinazoshauri majaribio ya dawa, katika kampuni za bima, au katika kampuni za dawa. Wapo pia wanaojiajiri na kulipwa moja kwa moja na familia.

Kwa hao wanaojiajiri nina neno. Ni kazi halali na inasaidia watu, lakini anayeweza kumlipa mtetezi mara nyingi si yule aliyekwama zaidi. Ukienda huko, tenga mapema sehemu ya kazi utakayoifanya bila malipo, na iandike kwenye ratiba kama kazi nyingine.

Nitafute kazi kwa jina gani?

Ukitafuta "mtetezi wa afya" peke yake utapata matangazo machache na kukata tamaa bure. Tafuta ofisa mahusiano ya wagonjwa, mratibu wa huduma, mwongoza wagonjwa, ofisa sera, meneja wa programu, ofisa ushirikishwaji wa jamii, mratibu wa usalama wa wagonjwa, msimamizi wa malalamiko. Soma majukumu kwanza, cheo baadaye.

Je, shahada hii huongeza mshahara?

Inategemea ulikotoka. Muuguzi aliye katika ngazi ya kati anaweza kuitumia kupanda hadi usimamizi wa ubora au usalama wa wagonjwa, na hapo mshahara hubadilika kwa sababu ngazi imebadilika. Mtu anayeanza kazi kwa mara ya kwanza, akaingia shirika dogo la wagonjwa, asitegemee mshahara wa meneja kwa kuwa tu ana shahada ya uzamili. Usichukue mkopo mkubwa kwa matumaini ya cheo ambacho hujakiona kikitangazwa. Kabla ya kulipa ada, kusanya matangazo ya kazi unazozitaka, uone ni mangapi yanadai uzamili na ni mangapi yanadai uzoefu.

Kuna leseni au usajili?

Katika nchi nyingi hakuna leseni ya kiserikali ya mtetezi wa afya. Marekani kuna bodi ya hiari ya kuthibitisha watetezi wa wagonjwa, ambayo ilifanya mtihani wake wa kwanza mwaka 2018, na kuufanya hakuhitaji uzamili. Viwango vya maadili vya kazi hii ndivyo ninavyowasihi watu wavisome hata kama hawatafanya mtihani: usiri, mipaka ya ujuzi wako, kutompa mgonjwa ushauri wa kitabibu ambao huna sifa ya kuutoa, na kutomwamulia.

Naweza kusoma kwa njia ya mtandao huku nikifanya kazi?

Ndiyo, na kwa watu wengi wenye familia ndiyo njia pekee. Hakikisha tu mafunzo kwa vitendo ni ya ana kwa ana na yana msimamizi mwenye jina.

Tasnifu au mradi wa mwisho, nichague kipi?

Ukikusudia kuendelea na uzamivu au utafiti, andika tasnifu. Wengine wote nawashauri mradi: mwongozo wa wagonjwa uliojaribiwa na wagonjwa wenyewe, uchambuzi wa malalamiko ya hospitali moja kwa ridhaa yake, au pendekezo la kurekebisha kanuni fulani lililofikishwa kwa wanaohusika. Mwajiri ataufungua mradi. Tasnifu ataitazama unene.

Lazima niwe mtu wa kupambana na kupaza sauti?

Swali hili huulizwa kwa hofu na watu wapole, ambao mara nyingi huwa wazuri sana katika kazi hii. Angalia Treatment Action Campaign, harakati ya kudai matibabu ya VVU ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa tarehe 10 Desemba 1998, na Zackie Achmat akiwa miongoni mwa waasisi wake. Dunia inawakumbuka kwa maandamano na fulana zao. Pia walikwenda Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2002 iliamua kwamba serikali haiwezi kuibana dawa ya nevirapini katika vituo vichache vya majaribio wakati inaweza kuwakinga watoto wasiambukizwe VVU na mama zao wakati wa kuzaliwa.

Nyuma ya maandamano na kesi palikuwa na kazi ya kimya: kuwafundisha watu wa kawaida jinsi virusi vinavyofanya kazi mwilini, dawa zinafanya nini, maudhi yake ni yapi, na kipimo cha kinga kinasomwaje. Mtu aliyepita mafunzo hayo angeweza kukaa mbele ya daktari au ofisa wa wizara na kuuliza swali linalostahili jibu. Kazi hiyo ya kufundisha inahitaji subira na lugha nyepesi. Mwenye sauti kubwa anahitajika, na mwenye subira anahitajika pia, na harakati zinazodumu huwa na wote wawili.

Nikifanya kazi na chama cha wagonjwa kinachofadhiliwa na kampuni ya dawa, nimejiuza?

Swali zito, na darasani huwa halina jibu moja. Vyama vingi vya wagonjwa vina bajeti ndogo, na kampuni zenye dawa ya ugonjwa wao ndizo zinazojitokeza kutoa fedha. Fedha hizo zinaweza kulipia simu ya msaada, mikutano na safari za wagonjwa wasiojiweza. Tatizo huja taratibu: chama kinadai dawa iingizwe kwenye bima lakini hakisemi neno juu ya bei yake, kinazungumzia tiba mpya na kunyamazia ya zamani iliyo nafuu na inayofanya kazi.

Mimi huangalia mambo machache. Je, chama kinatangaza hadharani kila mfadhili na kiasi alichotoa? Je, mfadhili yeyote ana nguvu kiasi kwamba akiondoka chama kinakufa? Je, mwaka uliopita chama kilisema lolote lililomkera mfadhili wake? Kama hakikuwahi, uliza kwa nini. Na kabla ya kukubali kazi, omba kuona sera yao ya mgongano wa maslahi kwa maandishi. Ukiambiwa haipo, jitolee kuiandika, na uone uso wa anayekuhoji.

Kazi hii haichoshi moyo?

Inachosha. Utapoteza wagonjwa uliowapigania, na baadhi watapotea baada ya rufaa kushinda, kwa sababu ushindi ulichelewa. Nimeona wanaodumu wakiwa na vitu viwili: msimamizi au kundi la wenzao wanaokutana nao kwa ratiba, na kazi ya mfumo inayoendelea sambamba na ya mgonjwa mmoja mmoja. Anayefanya kesi tupu, moja baada ya nyingine, bila kugusa kanuni inayozizalisha, huishiwa nguvu mapema. Anayefanya sera tupu husahau sura za watu, na hilo nalo ni aina ya kuchoka, ila lenyewe haliumi.

Nichagueje programu?

Soma mtaala uone kama kuna masomo ya mgonjwa mmoja mmoja na ya sera, na kama yanafundishwa na watu wanaozungumza wao kwa wao. Angalia kama kuna wagonjwa au walezi wanaofundisha kwa malipo, au huitwa tu mara moja kwa mwaka kutoa ushuhuda na kupigiwa makofi. Omba kuona miradi ya mwisho ya wahitimu wa karibuni.

Kisha omba kuzungumza na watu wawili. Wa kwanza ni mhitimu aliyemaliza miaka michache iliyopita, ambaye ofisi ya udahili haikukuchagulia, mtafute mwenyewe. Wa pili ni yule anayewapokea wanafunzi katika mafunzo kwa vitendo. Mwulize wanafunzi wa chuo hicho hufika wakijua nini, hushindwa wapi, na kama amewahi kumwajiri yeyote kati yao. Akisita kwenye swali hilo la mwisho, mwulize sababu kabla hujajaza fomu.